Binti Yangu Alivyotua kwa Tumbo

Jumanne, 4 Machi

Binti yangu ametua na ndege bila gurudumu hata moja! Kwa tumbo! Kama bata anavyoshuka bwawani! Na watu wote wametoka wazima, kwa miguu yao, isipokuwa Bwana Saruji aliyetoka na kiatu kimoja.

Haya, daftari, hujambo. Samahani sikukusalimu. Mambo makubwa hayapigi hodi.

Wewe ulinunuliwa na huyo huyo binti yangu, mwezi uliopita. Alisema nikiwa na jambo niliandike humu kwanza, halafu ndiyo niliseme nje. Sikuelewa ana maana gani. Ila jalada lako ni zuri.

Sasa sikiliza. Mimi ni fundi wa kushona, niliishia darasa la saba, cherehani yangu iko barazani, na nimezaa rubani. Rubani! Anaendesha ndege ndogo ya tajiri mmoja anayeuza saruji, ndiyo maana namwita Bwana Saruji. Leo asubuhi simu imelia nikiwa na pini mdomoni. Ni binti yangu. Akanieleza.

Ndege ile ikiwa juu hukunja miguu yake tumboni, na ikitaka kutua huishusha. Binti yangu alipovuta wenzo wa kuishusha, zilitakiwa kuwaka taa tatu za kijani. Zikawaka mbili. Mguu wa kushoto umegoma! Akapita chini chini mbele ya mnara wa kuongozea ndege, muongozaji akatazama kwa darubini, akamwambia mguu unaning'inia nusu, kama wa kuku aliyepigwa jiwe. Akaupampu kwa mkono ushuke mpaka viganja vikatoka malengelenge. Wapi! Basi akaikunja yote. Ule wa kushoto kurudi juu ulikubali. Ni kushuka ndiko ulikokataa. Kwa sababu, alisema, ndege ikitua kwa miguu miwili kati ya mitatu inapinduka, lakini kwa tumbo inateleza tu. Ikateleza. Cheche. Kelele. Zimamoto. Kwisha.

Nililia. Nikacheka. Nikakaribia kumeza pini.

Mwishoni akaniomba, mama tafadhali, uchunguzi unaanza, usimwambie mtu yeyote. Nikaapa.

Nimemwambia mteja mmoja tu. Yule wa sketi. Alikuwa kasimama juu ya stuli, pindo limejaa pini, hawezi kwenda popote. Kumnyamazia kungekuwa kumtesa.

Jambo moja dogo. Mguu wa kushoto nimeuacha nje ya hadithi. Mwaka jana nilimwambia jirani yangu wa ng'ambo ya njia, Mama Daktari, kwamba ndege ya binti yangu ni mpya kabisa, viti bado vina nailoni. Kusema kweli ndege yenyewe ilizaliwa kabla ya binti yangu. Sasa nikisema mguu umegoma, watu wataanza: kumbe kuukuu! Kwa hiyo nimesema tu kwamba ameamua kutua kwa tumbo. Kwa ufundi. Hadithi imependeza zaidi. Mguu haukuwa na kazi yoyote mle ndani.


Jumatano, 5 Machi

Mama Daktari amekuja. Nilijua atakuja. Hakuleta nguo ya kushona wala ya kurekebisha, alileta masikio tu.

Anaitwa hivyo kwa sababu ya mwanawe. Ukimsikia utadhani kijana anapasua mioyo. Anang'oa meno.

Akakaa kwenye kochi langu, chini kabisa ya picha ya binti yangu akiwa na shati la urubani. Akaipa kisogo, makusudi. Akanywa chai yangu. Kisha akauliza, kwa sauti ya mtu anayeuliza bei ya vitunguu, ikiwa ndege ni mpya na magurudumu ni mazima, rubani gani atue kwa tumbo?

Nikamwambia ni ufundi wa juu. Ni wachache wanaouweza.

Akasema aah. Akapuliza chai. Akauliza kama haiwezekani kwamba mtoto alisahau tu kuyashusha. Eti mambo hayo hutokea. Eti hata yeye husahau kuzima pasi.

Kusahau! Pasi! Damu ikanipanda. Nikasikia mdomo wangu ukisema kwamba haiwezekani kabisa, kwa kuwa binti yangu alinipigia simu alfajiri, kabla hajaruka, akaniambia: mama, leo nitatua kwa tumbo, uone.

Sijui ilitoka wapi. Ilitoka tu, nzima nzima, kama yai.

Mama Daktari akanyamaza jii. Mwaka wa ishirini tunaishi tukitazamana na sijawahi kumsikia akinyamaza hivyo. Akaondoka na chai nusu kikombeni. Nimekinywa mwenyewe kile kilichobaki. Kitamu.

Mume wangu, Mzee, aliyekuwa nyuma ya gazeti muda wote, akasema ulimi hauna mfupa. Nikamwambia hata masikio hayana, na yake yameona raha siku zote. Akageuza ukurasa.


Alhamisi, 6 Machi

Bwana Saruji mwenyewe kaja nyumbani kwangu!

Gari lake halikuweza kugeuka njiani kwetu. Likarudi kinyumenyume mpaka mlangoni, taratibu, watu wote wakitazama. Mama Daktari alikuwa anafagia. Alifagia mahali pamoja mpaka saruji ya kibaraza chake ikalia.

Mtu mpole kweli. Anachechemea kidogo. Ananiita mama yangu. Akasema amesikia habari kwa dereva wake, na dereva kasikia kwa mkewe, na mkewe ndiye yule mteja wangu wa sketi. Dunia ndogo! Akasema maneno yangu yamemgusa sana, na angependa kuyasikia kwa kinywa changu mwenyewe, na kama sitajali atayarekodi kwa simu yake, kwa ajili ya kumbukumbu.

Kumbukumbu! Nikabadilisha kitambaa cha kichwani.

Simu ikawekwa mezani, karibu na kifuko cha pini. Nikasimulia. Jamani, nilisimulia! Ile ya jana na ya juzi zilikuwa mazoezi. Simu ya alfajiri nikaiweka mwanzo kabisa. Nikaongeza kwamba binti yangu tangu mdogo husema magurudumu ni ya waoga. Bwana Saruji akaniuliza mara mbili, kwa upole, kama nina hakika miguu ya ndege ilikuwa mizima. Nikamjibu, mwanangu, ilikuwa mizima kama hii yangu, na mimi sijawahi kuumwa hata goti.

Mzee alikohoa. Anakohoa sana siku hizi.

Bwana Saruji akanishukuru mpaka nikaona haya. Jioni lori lake limeleta mifuko ya saruji, zawadi. Hatuna tunachojenga. Nimeipanga barazani, ile sehemu inayoonekana vizuri kutoka ng'ambo ya njia.

Ijumaa asubuhi, naongeza: nimelala nikitabasamu. Ndiyo, najua nililala nikitabasamu kwa sababu Mzee kaniambia asubuhi, na hakuniambia kwa kunisifu.


Jumamosi, 8 Machi

Sijui nianzie wapi.

Binti yangu kaja. Hakuvaa sare. Kanga kiunoni, viatu vya kawaida, viganja vimefungwa bandeji. Nikamkimbilia na vigelegele. Akaiona mifuko ya saruji. Akasimama. Akaniuliza nani ameileta. Nikamwambia kwa fahari.

Akakaa kwenye ngazi ya baraza.

Kumbe ni hivi. Fundi wa ndege alikuwa akimwambia Bwana Saruji, tangu mwaka jana, kwamba kuna chuma katika mguu wa kushoto kimechoka, kibadilishwe. Bwana Saruji akawa anajibu mwezi ujao. Mwezi ujao. Sasa uchunguzi ukisema mguu uliharibika, lawama ni yake. Lakini uchunguzi ukisema rubani aliikunja miguu kwa makusudi, kwa kujionyesha, lawama ni ya rubani. Na juzi Bwana Saruji amewapelekea wachunguzi sauti ya mama mzazi wa rubani, anayeapa kwamba miguu ilikuwa mizima, na kwamba mtoto alipanga jambo hilo tangu alfajiri.

Chuma chenyewe kimepatikana kimekatika, lakini Bwana Saruji anasema kilikatika wakati wa kuteleza. Muongozaji wa mnara aliona mguu ukining'inia, lakini Bwana Saruji anasema huyo binti alikuwa akichezea wenzo. Kila kitu sasa kina majibu. Majibu yenyewe ni mimi.

Leseni yake imeshikiliwa. Jumatano wanakaa. Wakiamua vibaya inachukuliwa moja kwa moja.

Nilingoja anifokee. Nilikuwa tayari. Nina majibu ya kufokewa, nimeyatumia miaka. Hakufoka. Aliingia ndani, akaosha vyombo vyote vilivyokuwa karoni, kwa bandeji zile. Nikamwambia aache. Akasema ni sawa tu.

Kisha akatoa kwenye mfuko shati lake la sare. Nililishona mimi. Jeupe, lenye vikanda vya mabegani vya kuwekea ile mistari ya dhahabu. Nilivishona na kuvifumua mara nne mpaka vikalala sawa, kwa kuwa nilitaka wenzake chuoni wadhani limetoka dukani. Akalikunja vizuri, akaliweka juu ya cherehani. Akasema huenda nikaweza kulipunguza, apewe mtu.

Halafu akaenda zake, akaniaga kwa adabu kama mteja.

Mzee leo hakukohoa. Hakusema ulimi wala mfupa. Amekaa tu amelishika lile shati.


Jumapili, 9 Machi

Nimepata njia!

Nitawaandikia wachunguzi kwamba sauti ile si yangu. Ni ya pacha wangu. Tunafanana sauti, ila yeye ni mwongo toka utotoni, alituaibisha ukoo mzima.

Nimemsomea Mzee barua. Kasikiliza mpaka mwisho, akauliza huyo pacha anakaa wapi, maana watataka kumwita. Nikafikiri. Nikamwambia amefariki. Akauliza lini. Nikasema zamani kidogo. Akauliza kama ni kabla ya Alhamisi.

Mtu akiwa msomaji wa magazeti ni shida kuishi naye.

Barua nimeichana. Masikini pacha wangu. Nilikuwa nimeanza kumpenda.


Jumatatu, 10 Machi

Nimekwenda ofisi ya uchunguzi. Nimevaa gauni la harusi ya mdogo wangu na nimebeba keki.

Mlinzi aliniuliza nina miadi na nani. Nikamwambia nina miadi na haki. Akasema haki iko ghorofa ya pili, lifti mbovu.

Mchunguzi mkuu ni mwanamke. Mvi, miwani ya kamba, meza yake haina hata karatasi moja iliyolala upande. Dirishani kapanga vipande vya vyuma kama mtu mwingine anavyopanga maua. Hakutaka keki. Nikaiweka mezani hata hivyo, akaisogeza kwa kalamu.

Nikamwambia kweli yote. Taa tatu, zikawaka mbili. Mguu wa kushoto. Malengelenge. Sikutia chumvi hata punje. Nilijisikia mtupu, kama nimetoka bila nguo ya ndani.

Akasikiliza. Kisha akaniuliza kwa utulivu, je, mama, Alhamisi ulikuwa mwongo au leo ndiyo mwongo? Nikamwambia Alhamisi. Akasema mwongo wa Alhamisi ataaminiwaje Jumatatu? Na kwamba mama yeyote, mtoto wake akiwa shimoni, atasema lolote. Hata yeye angesema.

Nikamuuliza nifanye nini basi. Akavua miwani. Akasema angehitaji kumsikia mtu anayenifahamu kwa miaka mingi, anayejua ninavyosema, asiye ndugu yangu na wala asiye rafiki yangu. Mtu asiye na sababu ya kunisaidia.

Nimeshuka ngazi zile nikiwa natafuta kichwani. Asiye ndugu. Asiye rafiki. Miaka mingi.

Nilipofika chini nilikuwa nimempata. Nikakaa kwenye ngazi ya mwisho, nikaila keki na mlinzi.


Jumanne, 11 Machi

Kuvuka njia ni hatua chache. Leo ilikuwa ndefu kama safari ya kwenda kuposa.

Mama Daktari akafungua mlango. Akanitazama kuanzia viatu. Akanikaribisha, akatoa vikombe vya kabatini, vile vya wageni, ambavyo hajawahi kunitolea. Nilijua hapo kwamba amenusa. Akakaa, akakunja mikono, akangoja.

Nikamweleza shida. Nikamwambia nahitaji kesho aende mbele ya wachunguzi aseme kwamba mimi ni... kwamba mimi huwa... nikameza chai ikiwa ya moto.

Akaniomba nirudie, sikio lake la kulia halisikii vizuri siku hizi.

Nikarudia. Kwamba mimi ni mtia chumvi.

Akasema chumvi ni neno dogo. Akauliza kama hakuna kubwa zaidi.

Mwongo, nikasema.

Aah, akasema. Akafumba macho kidogo, kama mtu aliyewekewa sukari ya kutosha. Kisha akataka kujua, kabla hajakubali, ile ndege hasa ni mpya au vipi. Viti vina nailoni? Nikamwambia havina. Ni ya zamani? Ya zamani. Ya zamani kiasi gani, nichague neno mwenyewe, yeye hataki kunilisha maneno.

Kuukuu, nikasema. Tena kweupe, mlango wazi, wapita njia wakisikia.

Akacheka. Mungu wangu, alicheka! Akashika kabati, vikombe vikagongana. Akacheka mpaka machozi, akajifuta kwa pindo la kanga, na nikaona kwamba machozi yenyewe hayaishi ingawa kicheko kimeisha.

Akasema mtoto yule nilimzaa mimi, lakini alisomea jikoni kwake. Hilo sikulijua. Eti kila nilipokuwa na wateja barazani, ninaongea, mtoto alivuka njia na madaftari yake kwa sababu kule kulikuwa kimya. Akiwa mdogo alikaa juu ya gunia la mkaa. Daktari, ambaye alikuwa bado si daktari, ndiye aliyemfundisha hesabu. Akasema angekwenda hata kama nisingemwomba. Ila alitaka kwanza nimwombe.

Tukamaliza chai bila kusema. Si rahisi, watu wawili kama sisi.

Mlangoni akaniuliza kesho avae nini.


Jumatano, 12 Machi

Chumba chenyewe kidogo, feni inapiga kelele, viti vya plastiki. Binti yangu mbele, mgongo umenyooka. Bwana Saruji upande wa pili na wakili wake, viatu vipya. Aliniamkia, mama yangu. Sikuitika.

Wakapiga ile sauti yangu. Hadithi nzima, mpaka goti. Nikasikia ninavyocheka mle ndani. Nilitamani sakafu ifunguke. (Ingawa, baina yetu, sehemu ya cheche nilikuwa nimeisimulia vizuri sana.)

Akaitwa Mama Daktari. Kaja na gauni la bluu nililomshonea mimi miaka ile na akalalamikia mkono. Limemkaa vizuri kabisa. Mchunguzi akamuuliza ananifahamuje. Akajibu kwamba yeye si rafiki yangu, yeye ni jirani yangu, na watu wasichanganye mambo hayo.

Kisha akaanza.

Akasema niliwaambia watu cherehani yangu nilipewa na waziri. Nilikopa kwa shangazi. Nilisema Mzee alikuwa bondia. Mzee alikuwa karani wa posta, na alivunjika pua kwa mlango. Nilisema mtoto wangu aliongea akiwa na miezi minne. Nilisema nilimfundisha mwenyewe kuendesha ndege, kwa kumsimulia. Nilisema nyoka aliyeingia bafuni mwangu alikuwa na urefu wa kamba ya nguo, na yeye Mama Daktari ndiye aliyemtoa, kwa ufagio mdogo, na alikuwa mjusi. Akasema siku ile ya pili baada ya ajali alikaa kwenye kochi langu, na ile simu ya alfajiri aliiona ikizaliwa mbele ya macho yake, kwa sababu yeye ndiye aliyenichokoza kwa neno la pasi. Kabla ya hapo haikuwapo. Akasema hata mimi niliyeisema nilishtuka ilipotoka.

Mzee nyuma yangu anatingisha mabega. Nikadhani analia. Anacheka! Miaka yote hii!

Mchunguzi alijaribu kumsimamisha mara tatu. Mama Daktari akasema bado hajafika kwenye habari za sofa.

Wakili wa Bwana Saruji akasimama, akauliza ni kwa nini shahidi aaminiwe ilhali inajulikana mtaani kwamba hanipendi. Mama Daktari akamgeukia taratibu. Akamwambia, kijana, nimetoka nyumbani jua kali, nimevaa gauni la mkono mbaya, kuja kumsaidia mtu nisiyempenda. Wewe unadhani hapo mwongo ni nani?

Chumba kizima kikacheka. Mchunguzi mkuu alishika miwani yake na kutazama chini kwa muda.

Kisha akaiweka kando ile sauti. Aliiweka kando kweli, akaifunika simu kifudifudi. Akachukua kipande cha chuma kutoka kwenye boksi, cha mguu wa kushoto, akakizungusha feni ikivuma. Akasema chuma kilichokatika siku ya ajali hung'aa mahali kilipokatikia. Hiki katikati kina kutu. Kutu haioti kwa wiki moja. Ufa huu ulikuwa na mwaka, na aliyeambiwa akibadilishe chuma yumo humu ndani.

Bwana Saruji akatazama viatu vyake.

Binti yangu hakulia mpaka alipotoka nje, ukumbini, penye tangi la maji ya kunywa. Akamkumbatia Mama Daktari kwanza. Kwanza! Nikahesabu hilo. Kisha akaja kwangu, akanishika uso kwa viganja vyake vilivyoanza kupona, vikinikwaruza mashavu, akaniambia neno moja tu: mama. Sijui ni la kusamehe au la kuchoka. Nimelichukua lote.

Shati lake nimelipiga pasi.


Ijumaa, 14 Machi

Leseni imerudi! Kwa barua, yenye muhuri! Na ameshapata kazi nyingine, ndege ya kubeba wagonjwa. Miguu yake haikunjwi kabisa, imesimama wakati wote kama ya meza. Mzee anaona ndiyo bora. Mimi naona haina mvuto, lakini sijasema.

Bwana Saruji kaagiza lori kuchukua mifuko yake. Ilinyeshewa Jumatatu nikiwa ofisi ya uchunguzi. Imekuwa mawe. Wapakiaji waliigonga kwa viatu, wakaiacha. Tumepata viti vya baraza.

Binti yangu atakuja Jumapili kupumzika. Safari hii hakunipigia mimi, kampigia baba yake, nimeliona hilo. Mzee kaniletea ujumbe neno kwa neno, kidole juu kama karani: anataka kulala, chai tu, asikute mtu, na mama asiseme chochote kwa yeyote.

Sawa. Chai tu. Mimi nani nipinge?

Mtu akija nikamkuta barazani, ameketi juu ya saruji yangu, akiniuliza imekuwaje, nimtazame tu? Nimewaambia kidogo. Nimewaeleza kwamba ile sauti ilikuwa mtego. Nilimjua Bwana Saruji tangu alipoingia kinyumenyume. Nikamwacha arekodi, nikamjaza maneno, nikijua atayapeleka mwenyewe kwa wachunguzi na kujinasa. Mama Daktari kavuka njia kunikosoa. Anasema mtego ulikuwa wake. Mimi nilikuwa chambo. Tumebishana mbele ya watu mpaka chai ikapoa, kisha tukaafikiana kwamba ulikuwa wa wote wawili, na kwamba kile chuma mimi ndiye niliyekiona kina kutu kwanza, nikamkonyeza mchunguzi.

Yeye ataleta vikombe vyake vya kabatini. Mteja wa sketi atakuja na mumewe, dereva, ambaye kwa sasa hana kazi na ana mengi ya kusimulia. Mlinzi wa ghorofa ya pili nimempigia simu. Mchunguzi mkuu nimemwalika kwa barua ya heshima, nikamwomba aje na kile chuma ili watoto wakione. Turubai limekodiwa. Kina mama wa njia ya pili walipouliza kama rubani atakuja kwa gari, ningewaambiaje? Nimewaambia atashuka na ndege uwanja wa shule, pale penye magoli. Wafike mapema wapate nafasi nzuri.

Mtoto hatasumbuliwa hata kidogo. Kila mtu nimemwonya aingie kimyakimya.

Jumapili hii, baada ya chakula cha mchana. Wote.